"Kurejesha Nywila": Istilahi Iliyopitwa na Kitu Chake

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika lugha ya ofisi zetu bila ya kupigwa msasa wa kutosha, ipo moja ambayo makala haya yanakusudia kuichunguza, nayo ni "kurejesha nywila". Mtumishi aliyesahau neno linalomruhusu kuingia katika kompyuta huambiwa airejeshe nywila yake. Mwongozo wa matumizi humwonyesha namna ya kuirejesha. Na mtaalamu anayemsaidia huandika katika kitabu chake kwamba nywila imerejeshwa. Nia ya makala ni kuonyesha kwamba tendo hilo, katika mfumo ulioundwa vizuri, halitendeki. Kwamba lilipata kutendeka zamani kwa muda mfupi. Na kwamba kuendelea kulitaja kana kwamba lingali likitendeka kunawadhuru watu tunaowaandikia.

Yafaa nikiri mapema kwamba kosa ninalolizungumzia ni langu pia. Miaka michache iliyopita niliombwa kutayarisha mwongozo wa kurasa mbili kwa ajili ya watumiaji wa kompyuta katika ofisi na shule. Nilikuwa na haraka, nikafasiri kama wafasiri wenye haraka wafanyavyo, yaani neno kwa neno. Kichwa cha sehemu ya tatu kilisomeka: "Jinsi ya kurejesha nywila uliyoisahau". Hakuna aliyelalamika, na mimi nikalihesabu jambo hilo kuwa ushahidi wa ubora wa kazi.

Mwezi Julai wa mwaka uliofuata nikapelekwa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, kwenye semina ya walimu na makarani. Wanaoujua mji ule wataikumbuka Julai yake: ukungu unashuka kutoka Mlima Rungwe hadi barabarani, migomba imelowa tangu alfajiri, na watu wanakaa katika semina wamevaa makoti. Wakati wa chai akanijia mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, ameushika mwongozo wangu ukiwa umekunjwa mara nne.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karatasi hii ni wewe uliyeiandika?"

Nikakubali. Akanieleza kwamba alikuwa amelazwa kwa matibabu kwa muda wa wiki kadhaa, na aliporudi kazini aligundua kuwa neno lake la kuingilia katika mfumo wa takwimu za wanafunzi limemtoka kabisa kichwani. Akasoma mwongozo, akamwendea ofisa wa TEHAMA, akaomba arejeshewe nywila yake. Yule ofisa akamwambia kwamba atampa nyingine. Mwalimu akakataa. Alikuwa ameahidiwa kwa maandishi kurejeshewa yake, naye hakuona sababu ya kupokea ya mtu mwingine. Mabishano yao yalichukua siku tisa, na katika siku hizo tarehe ya mwisho ya kutuma takwimu ikapita.

Baadaye alipokubali, alikubali kwa shingo upande, na shaka haikumwondoka. Ndipo akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake pale pale: "Kama mnaweza kunirudishia, basi mnayo. Na kama mnayo, siri iko wapi?"

Swali hili ni la mtu aliyesoma maandishi yetu kwa makini kuliko sisi tulivyoyaandika. Kitenzi "rejesha" ni cha kufanyiza, kimetoka katika "rejea", ambacho asili yake ni Kiarabu. Anayerejesha kitu sharti kwanza awe nacho, na anachokirejesha ni kile kile kilichoondoka. Karani akirejesha faili, amerejesha faili lile. Mkopaji akirejesha fedha, walau kiasi ni kile. Mwalimu alifuata maana ya neno hadi mwisho wake na kufikia hitimisho sahihi: mahali fulani yupo mtu anayeijua siri yangu. Kwa kuwa hitimisho lilikuwa sahihi na jambo lenyewe si kweli, basi kosa lilikuwa katika neno.

Ili kuelewa jinsi neno hilo lilivyofika hapo, hapana budi turudi nyuma.

Kutumia neno maalumu kama kibali cha kupita ni jambo la kale sana, na asili yake ni ya kijeshi. Polybius, aliyeandika habari za Roma katika karne ya pili kabla ya Kristo, anaeleza jinsi neno la zamu ya usiku lilivyoandikwa juu ya kibao na kupitishwa kutoka kikosi hadi kikosi mpaka kibao kimrudie ofisa kabla ya giza. Wasomaji wa Biblia nao wanakifahamu kisa cha Shibolethi katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, ambapo watu walitambuliwa kwenye vivuko vya Yordani kwa namna walivyotamka neno moja. Kisa hicho humgusa kila mwanaisimu, kwa kuwa pale kilichopimwa kilikuwa matamshi. Neno lenyewe halikuwa siri hata kidogo.

Neno la zamu lilikuwa mali ya kundi zima. Kambi nzima ililijua, na kesho yake lilibadilishwa. Askari aliyelisahau hakuwa amepoteza chochote ambacho wenzake hawakuwa nacho. Aliweza kunong'onezwa na jirani yake, na neno likawa limemrudia. Katika mazingira hayo kusema kwamba neno "limerejeshwa" kusingekuwa na ubaya wowote.

Kompyuta za kwanza hazikuhitaji neno la namna hiyo. Mashine ilikuwa moja, ikifanya kazi moja kwa wakati mmoja, ndani ya chumba chenye mlango na kufuli. Aliyekuwa na ufunguo wa chumba ndiye aliyekuwa na kompyuta. Ndivyo ilivyokuwa hata hapa kwetu: kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. (Msomaji aone mzigo ambao kitenzi hiki hubeba: mitambo "hufungwa" ili ianze kufanya kazi, na ofisi "hufungwa" ili kazi ikome. Tutakirudia.)

Mabadiliko yalianzia katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, ambako mwaka 1961 Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo uliowawezesha watu wengi kuitumia mashine moja kwa pamoja, kila mmoja akiwa na majalada yake. Kwa kuwa majalada ni ya kila mtu na mashine ni ya wote, ilibidi kila mtu apewe neno lake. Hapo ndipo maana ya zamani ilipopinduka. Neno lililokuwa la kambi likawa la mtu mmoja peke yake.

Hata hivyo, mashine ililitunza kwa namna ya zamani. Maneno yote ya watumiaji wote yaliandikwa wazi katika jalada moja, kama daftari la mahudhurio. Matokeo hayakuchelewa. Mwaka 1962 mwanafunzi wa shahada ya udaktari, Allan Scherr, aliyepangiwa saa nne kwa wiki za kutumia mashine na kuona hazimtoshi, aliiagiza kompyuta ichapishe jalada lile. Ikachapisha, naye akawa na maneno ya wenzake wote. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 likatokea jambo la kuchekesha zaidi, ambalo Corbató mwenyewe alilisimulia baadaye katika mhadhara: wasimamizi wawili walikuwa wakihariri kwa wakati mmoja, mmoja jalada la maneno ya siri na mwingine tangazo la siku, na kwa hitilafu ya programu majalada yakabadilishana nafasi. Kila aliyeingia katika mfumo akasalimiwa na orodha kamili ya siri za watu wote.

Katika kipindi hicho kifupi, mtumiaji aliyesahau neno lake angeweza kwa haki kabisa kulirejeshewa. Msimamizi angefungua jalada, angesoma, angemwambia. Istilahi ingelingana na tendo. Lakini swali la Mwalimu wa Rungwe lingekuwa na jibu la kutisha: ndiyo, tunalo, na siri haipo.

Dawa ilipatikana katika miaka hiyo hiyo. Roger Needham, wa Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza, alipendekeza kwamba kompyuta isilitunze neno lenyewe. Ilipitishe katika hesabu inayokwenda upande mmoja tu, itunze tokeo la hesabu hiyo, na kulisahau neno. Mtumiaji akija kesho na kuandika neno lake, kompyuta hufanya hesabu ile ile upya na kulinganisha matokeo mawili. Yakifanana, mlango hufunguka.

Kwa wasomaji wasiozoea mambo ya hesabu, mfano wa Rungwe utafaa. Jani la chai likichumwa Katumba na kupita katika mashine za kiwandani, linatoka limesagwa, limegeuka rangi na kukauka. Mjuzi anaweza kuyalinganisha mafungu mawili ya chai na kusema kama yametokana na jani la namna moja. Hakuna awezaye kuirudisha chai kuwa jani na kulipachika kwenye mchai. Kompyuta ya leo inatunza chai, jani hainalo. Ndiyo sababu yule ofisa wa TEHAMA alipomwambia Mwalimu kwamba hawezi kumpa neno lake la zamani alikuwa akisema kweli, na mwongozo wangu ndio uliosema uongo.

Mfumo wa Unix ulieneza utaratibu huu, na mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson waliuandikia makala ambayo hadi leo husomwa. Walikusanya maneno ya siri 3,289 yaliyotumiwa na watu halisi na kukuta kwamba asilimia 86 yalikuwa mepesi kuyabahatisha: herufi chache tu, jina, au neno lililomo katika kamusi. (Sisi watu wa kamusi tunaweza kujipongeza kwamba kazi yetu imepata kutumiwa na wezi.) Aidha walieleza mbinu ya kuongeza tarakimu chache za kubahatisha juu ya neno la kila mtu kabla ya kulisaga, ili watu wawili waliochagua neno moja wasiwe na tokeo moja. Wao waliziita tarakimu hizo "chumvi". Sioni kwa nini Kiswahili kitafute neno jingine. Chumvi huingia katika chakula na hakuna aitoaye, na sitiari ile inasimama vizuri katika jiko la Kitanzania kama ilivyosimama katika lile la Kimarekani.

Basi tangu wakati huo dhana imebadilika na jina halikubadilika. Kiingereza kiliendelea kusema kwamba nywila "hurudishwa mkononi", kwa mazoea tu, hali watu wenye lugha hiyo wakiwa wamezungukwa na mashine na kujifunza kwa vitendo kwamba hairudishwi. Sisi tulilipokea jina bila ya kupita katika historia yake. Yafaa tukumbuke kwamba mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali, na masharti hayo yalilegezwa katika miaka ya baadaye. Katika muda ambao Morris na Thompson wanaandika, msamiati wa karani wa Tukuyu ulikuwa wa faili, taipureta, mhuri na sefu. Kompyuta ilipomfikia mezani ilikuja na istilahi zilizokwisha kukomaa, na nyingine zilizokwisha kuoza.

Kuhusu jina la kitu chenyewe sitasema mengi, ingawa ndilo ambalo hupigiwa kelele zaidi. Yapo majina matatu katika matumizi: "neno la siri", "nenosiri" na "nywila". La kwanza ni fafanuzi, na kila mtu hulielewa bila ya kufundishwa. La pili ni hilo hilo limeunganishwa. La tatu halijifafanui; msikilizaji wa mara ya kwanza hawezi kulichambua sehemu zake. Wako wanaolikataa kwa sababu hiyo. Mimi naliunga mkono kwa sababu hiyo hiyo. Nywila ya leo aghalabu si neno: ni mchanganyiko wa herufi, tarakimu na alama, na mwalimu anayewaambia wanafunzi wachague "neno" la siri anawaelekeza moja kwa moja kwenye ile asilimia 86. Jina lisilo na maana ya awali halimpotoshi mtu. Msamiati wa kompyuta umepitia mijadala ya namna hii tangu mashine yenyewe ilipoitwa kompyuta, tarakilishi na hata ngamizi, na tangu mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kutoa programu ya ofisi ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Matumizi ndiyo yaamuayo. Tazama "kishikwambi": lilikuwa neno la kuchekwa mpaka vifaa hivyo vilipotumiwa katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 na kisha kugawiwa walimu, sasa hakuna anayecheka.

Lililo zito zaidi ni vitenzi, na hapo ndipo Tukuyu iliponifundisha mara ya pili. Siku ya pili ya semina ile karani mmoja wa chama cha wakulima alisimama na kueleza yaliyompata. Alisahau nywila ya kompyuta mpakato yenye kumbukumbu za mizani ya chai za miaka mitatu. Akaipeleka kwa fundi, akamwambia: "Nifungulie." Fundi akaifungua. Kesho yake karani akaichukua, ikawaka vizuri, haikuomba nywila yoyote, na ndani yake hamkuwa na kitu. Fundi alikuwa amefuta kila kilichokuwamo na kuweka mfumo mpya, kazi ambayo mafundi wetu huiita "kufomati" au "kupiga Windows". Karani alipolalamika, fundi alimjibu kwa mshangao wa kweli kwamba aliombwa kufungua naye amefungua.

Fundi yule hakuwa mwizi, wala sidhani alikuwa mzembe. Walitumia neno moja kwa mambo mawili. Kiswahili kina kiambishi cha kutendua ambacho kimekamilika kuliko watu wengi wanavyodhani: funga, fungua; ziba, zibua; kunja, kunjua; choma, chomoa. Kinyakyusa, lugha ya wenyeji wa Rungwe, kinafanya vivyo hivyo, kikisema "igala" kwa kufunga na "igula" kwa kufungua. Katika lugha zote mbili kutendua ni kurudi kwa njia ile ile iliyojiwa. Ukikunjua nguo, nguo ipo. Ukizibua chupa, kilichomo kimo. Vivyo hivyo anayesema "fungua" anaahidi, kwa nguvu ya kiambishi chenyewe, kwamba kilichofungiwa kitakutwa. Kuchoma nyumba moto ili mlango usiwepo hakuitwi kufungua katika Kinyakyusa wala Kiswahili.

Kwa hiyo napendekeza kwamba wafasiri watenganishe mambo ambayo mwongozo wangu uliyachanganya. Kinachorejeshwa ni ruhusa ya kuingia, na hapo kitenzi "rejesha" kinastahili kabisa, kwa sababu mtumiaji alikuwa nayo, akaipoteza, na anaipata ile ile. Nywila hairejeshwi, huwekwa mpya. Basi kichwa cha sehemu ya tatu kingesomeka: "Ukisahau nywila: jinsi ya kuweka mpya na kurejesha ruhusa ya kuingia". Ni kirefu, nakubali, lakini Mwalimu asingengoja siku tisa. Pale ambapo nafasi ni ndogo, kama katika kitufe, "weka nywila mpya" yatosha. Naisikia pia "weka upya nywila"; naikwepa, maana msikilizaji anaweza kudhani ni ile ile inayowekwa kwa mara ya pili.

Kitenzi "fungua" nacho kibaki kwa hali ambayo nywila haikusahauliwa wala kubadilika, ila akaunti imefungwa na mfumo wenyewe kwa sababu mtu amekosea mara nyingi mfululizo. Hapo msimamizi hufungua, na mtumiaji huingia kwa nywila yake ya siku zote. Na tendo la fundi wa Tukuyu liitwe jina lake: kufuta na kuanza upya. Mafundi wataendelea kusema "kufomati", wala sina ugomvi nao, mradi mteja aambiwe kwa Kiswahili anachokikubali kabla ya kazi kuanza.

Liko neno jingine linalosikika, "kuvunja nywila". Hili lisitumike kabisa katika miongozo ya ofisi kwa ajili ya mtu aliyesahau nywila yake mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza mtu kuingia kwa makusudi katika mfumo wa kompyuta bila ya haki, na kuvunja ni tendo la huyo. Mwenye nyumba aliyepoteza ufunguo havunji nyumba yake, hata kama atalazimika kumwita fundi seremala. Mtumishi anayekwenda kuomba msaada hapaswi kukutana na neno linalomfanya ajione mhalifu, kwa maana akijiona hivyo hataomba. Ataandika nywila ijayo kwenye kipande cha karatasi na kukibandika chini ya meza. Nimeona vipande hivyo katika wilaya zaidi ya moja.

Nimeulizwa na wenzangu wawili kama jambo hili si dogo mno kwa kurasa za jarida. Nawajibu kwa kisa kingine. Wiki chache baada ya semina, mmoja wa walimu waliohudhuria alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa mtumishi wa mfumo, akimwambia kwamba nywila yake "inarejeshwa" na kwamba, ili irejeshwe ile ile, aitaje kwanza ile anayoikumbuka pamoja na namba ya uthibitisho iliyoingia katika simu yake. Mwalimu huyo akaitaja. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba nywila hurejeshwa, ombi la namna hiyo lina mantiki: anayetaka kurudisha kitu chako atakuuliza kikoje. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba nywila ya zamani haina mtu anayeijua wala anayeihitaji, na kwamba mpya huwekwa na mwenyewe kwa mkono wake, ombi hilo ni upuuzi, na simu ingekatwa. Sidai kwamba istilahi nzuri huzuia wizi. Nadai kwamba istilahi mbaya ilikuwa imekwisha kumfungulia mwizi mlango wa uani.

Imebaki hali moja ambayo ni ngumu kuliko zote, na ambayo kwayo lugha ya ofisi za zamani ina akiba nzuri kuliko lugha ya mashine. Kompyuta nyingi za leo husimba yote yaliyomo katika diski, yaani huyageuza kuwa maandishi yasiyosomeka bila ya nywila. Hapo hata msimamizi hawezi kuweka mpya na mambo yakaisha, kwa maana data yenyewe imefungwa kwa ufunguo uliotokana na siri ya mtumiaji. Kwa sababu hiyo mashine, siku ya kwanza, hutoa tarakimu nyingi za kuhifadhiwa pembeni. Katika kompyuta za Windows ni tarakimu 48, zilizopangwa katika mafungu 8 ya tarakimu 6. Aliyesahau nywila na kupoteza tarakimu hizo amepoteza kila kitu, na hakuna fundi wa Mbeya wala wa Marekani atakayemsaidia. Programu zilizofasiriwa huziita "ufunguo wa urejeshaji" au "ufunguo wa uokoaji". Majina haya hayamwambii mtu afanye nini nazo leo, kabla ya ajali kutokea, na ndiyo maana wengi huzitupa.

Wazee waliofanya kazi katika boma la Tukuyu na maboma mengine wanakumbuka utaratibu wa sefu. Sefu ilikuwa na funguo mbili. Wa kwanza ulikaa kwa mtunza fedha. Wa pili ulitiwa katika bahasha, bahasha ikapigwa lakiri, ikapelekwa kutunzwa katika ofisi nyingine kabisa, na makabidhiano yakaandikwa kitabuni. Uliitwa "ufunguo wa akiba". Jina hilo ndilo ninalolipendekeza, kwa kuwa lina utaratibu mzima ndani yake: akiba huwekwa kabla ya shida, huwekwa mbali na kile inachokilinda, na anayeichukua hutia sahihi.

Nilimweleza Mwalimu haya kwa simu, baada ya kumtumia mwongozo uliosahihishwa. Alisikiliza, akaniuliza maswali mawili kuhusu chumvi, kisha akasema kwamba kompyuta ya shule ilipowashwa mara ya kwanza alipewa tarakimu nyingi ambazo hakujua kazi yake, na kwamba anadhani ziko nyuma ya kalenda. Juma lililofuata akanijulisha kwamba amezipata, amezinakili kwa mkono katika karatasi mbili, na moja imo ndani ya bahasha iliyofungwa, mikononi mwa Ofisa Elimu Kata. Lakiri, alisema, haikupatikana dukani. Wametumia nta ya mshumaa.